Tunapenda Mavuno, Tunalaani Mbegu



Leo wengine mtanikasirikia. Jumapili baada ya ibada, binti wa kidato cha tatu alinijia akilia. Yuko kwenye kikundi cha drama shuleni. Mzee mmoja wa kanisa amemwambia uigizaji ni pepo, na sasa mama yake anataka aache.

Nauliza: Machi 2014, Lupita Nyong'o aliposhinda Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave, nani hapa Kisumu hakusema "huyo ni wetu"? Hata sisi watumishi tulishangilia. Mbona tunapenda mavuno na kulaani mbegu?

Mbegu ilikuwa hivi. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet jukwaani Nairobi. Baadaye akafanya kazi nyuma ya kamera, filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya. Akaigiza katika Shuga, tamthilia ya kuwaonya vijana juu ya Ukimwi. Akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale. Oscar ilimkuta na miaka 31. Hiyo ni miaka 17 ya mazoezi! Na mwaka 2016 alirudi jukwaani, Broadway, kwa Eclipsed, mchezo kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia.

Sasa fungua Ezekieli 4. Mungu alimwagiza nabii achukue tofali, achore mji wa Yerusalemu, auzingire, kisha alale ubavu wa kushoto siku 390. Kama hayo si maigizo, ni nini? Agabo naye, Matendo 21, alijifunga kwa mshipi wa Paulo. Na sisi kila Krismasi huwavisha watoto leso wawe wachungaji wa kondoo. Yule anayekuwa Herode, tumewahi kumkemea pepo?

Sisemi kila filamu ni ya kutazama. Kuna maonyesho ya uchafu, na siyabariki. Lakini pima matunda, usilaani kipaji. Tukiwafukuza watoto hawa, watapanda jukwaani tu, ila bila kanisa la kuwaombea.

Mzee, nenda ukamwombe mtoto msamaha. Mama, mwache arudi mazoezini. Siku ya tamasha mimi nitaketi mstari wa mbele.

Baba, tusamehe kwa vipaji tulivyovizika kwa jina lako. Vifufue. Katika jina la Yesu.

Kama una mtoto mwenye kipaji, andika AMINA.