Matokeo Yarudi Mtaani: Ilani ya Wanafunzi Watafiti

Sisi ni wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam. Tunasoma mipango miji, afya ya jamii, sosholojia, uhandisi wa maji, sheria. Kila mwaka wengi wetu huingia mitaani na barua ya utambulisho: inatoka chuoni, inapita manispaa, kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa mtaa, hadi kwa mjumbe. Ngazi zote hizo huombwa ruhusa. Mama mwenye nyumba ndiye wa mwisho kupata habari, na yeye haulizwi kama utafiti una maana yoyote kwake. Anaulizwa ana watoto wangapi na choo cha aina gani.

Kisha tunaondoka. Ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, inatetewa mbele ya jopo, inatiwa jalada gumu na kupangwa maktaba. Mtaa haupati hata ukurasa mmoja. Mwaka unaofuata anabisha hodi mwingine na dodoso lilelile. Tunaanzisha harakati hii ili desturi hiyo ikome.

Tungeweza kuishia kwenye adabu, na ingetosha. Lakini lipo kubwa zaidi: utafiti wa namna hii haupati ukweli. Chukua suala la vyoo. Masika yakichanganya, wapo wanaotapisha vyoo, yaani wanafungulia shimo uchafu uende na maji ya mvua, kwa sababu gari la kunyonya haliingii vichochoroni, na linapofika bei yake haishikiki. Mtaa mzima unajua. Lakini nani atamweleza hayo kijana asiyemfahamu, aliyeshika karatasi yenye nembo? Mkazi atamjibu kwamba gari huja. Kijana atatia alama ya vema, na kwenye jedwali lake mtaa utaonekana safi. Ila akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanaokutana kila wiki kwenye baraza ya nyumba hiyohiyo, wanajua nani alitapisha na kwa nini alishindwa kulipa. Wakiuliza wao, jibu linakuja na sababu zake: upana wa kichochoro, kiasi ambacho kaya inaweza kutoa kwa mkupuo mmoja, mwenye nyumba anayeishi kwingine na hataki kuchangia. Mhandisi asiyejua hayo atabuni choo kizuri kisichotumika.

Wapo waliotutangulia. Miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz na wenzake, Watanzania na Wafini, waliendesha mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, wakitafiti pamoja na wanavijiji. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata yao. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapita na wakazi kata kwa kata, mtaro kwa mtaro, kwenye maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Mwanafunzi alikuja na kifaa cha kupimia. Mwenyeji ndiye aliyejua mtaro upi umeziba na maji yalifika wapi, gotini au kiunoni.

Mfano unaotugusa zaidi uko Nairobi. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa makazi duni lililoanzishwa 1996, lilishirikiana na vyuo, kikiwamo Chuo Kikuu cha Nairobi, kukusanya takwimu za makazi duni ya Mukuru. Ilidhihirika kwamba maskini wa Mukuru hununua maji kwa bei kubwa kuliko wakazi wa mitaa iliyopangwa. Agosti 2017 serikali ya kaunti ikaitangaza Mukuru, yenye kaya zaidi ya 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango. Takwimu zile zilikuwa na watu wa kuzisimamia: waliozikusanya waliishi palepale, wakaendelea kuzidai.

Kwa hiyo tunadai, na sisi wenyewe tunajifunga. Swali la utafiti litoke kwenye mazungumzo na kikundi cha mtaani kabla pendekezo halijafika kwa msimamizi. Likishapitishwa, mwananchi anabaki kuwa pambo. Dodoso liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, maana sasa kila mmoja wetu anatafsiri mlangoni kwa namna yake na majibu hayalingani. Wakazi wanaokusanya takwimu walipwe. Bumu, yaani posho yetu ya mkopo wa masomo, haliwezi kubeba mzigo huo, hivyo vyuo vitenge fungu. Takwimu zibaki pia kwa kikundi, nacho kiwe na haki ya kuzuia zisitoke, kwa sababu orodha ya waliojenga bondeni inaweza kugeuka orodha ya kubomolewa. Na kabla ya kutetea mbele ya jopo, mwanafunzi atetee barazani, kwa Kiswahili, na pingamizi za wananchi zichapwe ndani ya ripoti.

Walimu wetu, shikamooni. Tunajua muhula ni mfupi, na mtaa hauendi kwa ratiba ya mitihani. Ndiyo maana tunaomba makubaliano yawe kati ya idara na kikundi, kwa miaka, ili mmoja akihitimu mwingine aipokee kazi ilipoishia. Mnao uwezo wa kulifanya hili mwaka huu bila kusubiri waraka wa mtu.

Mama zetu, baba zetu, viongozi wa vikundi: msitupokee kwa huruma kwa kuwa ni watoto wenu tunaotafuta shahada. Tuulizeni ripoti ya mwaka jana iko wapi. Asiye na jibu, mrudisheni akaitafute.

Anayetaka kuungana nasi hatoi kiingilio. Aende kwenye kikundi kimoja cha mtaa anakoishi au anakopanga, akae nao mikutano yao, kisha alete swali walilompa, kwa maneno yao, likiwa na saini ya katibu wa kikundi.