Wajibu wa Kijiji kwa Mtu wa Kifungo cha Nje

Afisa wa probesheni ni mtumishi wa serikali anayekabidhiwa na korti mtu aliyepatikana na hatia, amsimamie akiwa kwake nyumbani badala ya gerezani. Nchini Kenya kazi hiyo inaongozwa na sheria mbili kuu. Ile ya probesheni, Sura ya 64, ilipitishwa mwaka 1943, na huduma yenyewe ikaanza 1946. Humweka mtu chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Ile ya Huduma kwa Jamii ya 1998 humhusu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka 3, naye hufanya kazi ya umma bila malipo. Wananchi huziita zote mbili kifungo cha nje, na wengi wanadhani maana yake ni kusamehewa. Dhana hiyo ndiyo inayoharibu kazi ya maafisa katika kaunti za Migori na Homa Bay, na yapasa ing'olewe.

Mtu hapewi probesheni kabla ya kuelezwa masharti yake na kukubali kuyatii. Akiyavunja, anarudishwa kortini na anaweza kuhukumiwa upya kwa kosa lile lile la awali. Katika muda huo huripoti ofisini siku alizopangiwa, hatembei mbali bila ruhusa, na kila asubuhi hukutana njiani na wale wale aliowakosea. Gerezani angejificha nyuma ya ukuta. Kijijini hana pa kujificha, na wengi waliopitia hali hiyo hawaioni kuwa nyepesi.

Kazi huanza kabla ya hukumu. Hakimu wa Rongo, Kehancha, Ndhiwa au Mbita huagiza ripoti, na afisa hufunga safari hadi bomani kwa mshtakiwa. Huko huwauliza wazazi, chifu, wazee na majirani, na yapasa aende pia kwa mwathiriwa, hata kama nyumba yake iko ng'ambo ya mto. Tangu Mahakama ya Juu iamue Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa la mauaji, ripoti za namna hii zimezidi kuwa na uzito hata mbele ya majaji. Kwa hiyo mzee anayemwambia afisa kwamba kijana hana neno, ilhali anajua kijiji kizima kinamwogopa, anaipotosha korti. Vivyo hivyo jirani anayemchafulia mwenzake jina kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba.

Ugumu mkubwa wa maeneo haya ni kwamba watu hawatulii mahali pamoja. Mvuvi hufuata samaki: mwezi huu yuko Sindo, mwezi ujao Mfangano au Muhuru Bay. Mchimbaji dhahabu wa Macalder akisikia kwamba mwamba umetoa huko Tarime, huvuka mpaka wa Isebania asubuhi na jioni yuko nchi nyingine. Kila moja ya kaunti hizi mbili ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya 2019, na afisa mmoja hawezi kuwafuata wote kwa pikipiki na boti. Lakini mwenyekiti wa kamati ya ufuo anajua nani ameingia na mashua ya nani, na mwenye shimo anajua nani ameshuka leo. Wakinyamaza, afisa ni kipofu.

Chukua mfano wa kijana aliyeiba nyavu akaamriwa kufagia na kufyeka katika zahanati. Msimamizi wa zahanati huandika katika daftari saa alizofanya kazi na kutia sahihi. Daftari hilo dogo ndilo kifungo chenyewe. Anayetia sahihi kwa siku ambayo kijana hakufika, kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, amemfungulia gereza kwa siri. Na kiongozi anayempeleka kijana huyo kupalilia mahindi yake mwenyewe amegeuza amri ya korti kuwa kibarua cha bure. Yote mawili yakomeshwe, na maafisa wasione haya kuyaripoti.

Hata hivyo si kila kosa lafaa kumalizwa nyumbani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inatoa vifungo virefu kwa anayemnajisi mtoto, na haiwapi wazee mamlaka ya kupokea ng'ombe ili shauri lizimwe. Ukeketaji nao umepigwa marufuku kwa sheria ya 2011, hata pale Kuria ambako iritongo, baraza la jadi, bado lina sauti kubwa. Baraza hilo lingetumia sauti hiyo vyema zaidi kwa kumpokea mwizi wa mifugo aliyetubu kuliko kumnyamazisha msichana aliyeumizwa.

Wazo la raia kumsimamia mkosaji si geni. Mwaka 1841 fundi viatu wa Boston, John Augustus, alimdhamini mlevi kortini akamrudisha akiwa mtu mwingine. Nchini Japani maelfu ya raia wa kujitolea, waitwao hogoshi, hufanya kazi hiyo bila mshahara, na Kenya pia ina wasaidizi wa kujitolea wa maafisa wa probesheni. Walimu wastaafu, wachungaji na akina mama wa vyama vya akiba katika Oyugis, Awendo na Kendu Bay wangefaa sana kujitokeza, maana mama aliyeshikwa na chang'aa hataacha kupika mpaka apate biashara nyingine, na mtaji wa kuuza omena hautoki ofisini kwa afisa.

Mwisho yupo anayerudi kutoka gerezani, au kijana anayetoka borstali (gereza la vijana) ya Shikusa, Kakamega, akiwa bado chini ya uangalizi. Afisa hufika kabla yake, kuuliza kama nyumba yake bado imesimama, kama ndugu hawajagawana shamba lake, kama mwalimu mkuu atampa nafasi darasani. Majibu yatolewe mapema, kabla ya siku ya kufunguliwa, ili anayerudi asilale stendi usiku wa kwanza.