Faiba Ije Usangi, Neno "Hadi" Libaki Bondeni

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma,
Dar es Salaam

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Usangi, Upare ya Kaskazini, ndani ya steshenari yenye upana wa hatua nne. Nina mashine moja ya fotokopi, kompyuta mbili, printa inayokwaruza karatasi kila ikishikwa na unyevu wa huku juu, na ruta ya laini ya simu niliyoifunga kwa kamba dirishani, upande unaotazamana na mnara. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanapokaribia kufungwa, vijana hupanga foleni hadi nje, kila mmoja na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki. Usiku mmoja, saa mbili imepita, duara likiwa bado linazunguka kwenye kioo, mama aliyemsindikiza binti yake aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, hicho kinachozunguka huwa kinamaliza lini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Dukani kwangu swali la kila wiki ni faiba, intaneti ya nyuzi za kioo, itafika lini. Sikuandikii kuomba faiba. Maombi hayo yana wenyewe, na hoja ya kwamba milima haipandiki tumeacha kuiamini tangu Agosti 2022, intaneti ya kasi ilipozinduliwa Horombo, mlimani Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kabla mwaka ule haujaisha ikatangazwa imefika kilele cha Uhuru. Mawingu yakifunguka, ukiwa juu ya kilele chetu cha Kindoroko unauona mlima huo vizuri kabisa. Kama mtalii anaweza kuonyesha barafu kwa nduguze akiwa kileleni, nguzo za kutoka Mwanga zitapita Kikweni siku moja na kutufikia.

Nakuandikia kwa sababu faiba niliwahi kuwa nayo. Kabla sijarudi kumtunza mama nilikaa Dar es Salaam, na kwa miaka minne waya ule mwembamba uliingia sebuleni kwangu kupitia tundu dogo pembeni ya dirisha. Kampuni siitaji, kwani siandiki kulipiza kisasi, na tabia nitakazozieleza majirani waliounganishwa na kampuni nyingine walizijua pia. Nataka tu zisipandishwe milimani pamoja na nguzo.

Kuunganishwa kulikuwa raha. Mafundi wawili walifika siku waliyosema, wakapanda ngazi, wakaunga nyuzi ndani ya kisanduku cheusi, wakaniachia kifaa cheupe chenye taa nne. Nililipa, nikasaini. Mkataba ulisema kasi ya "hadi Mbps 20". Neno hilo "hadi" nililipita kama mtu anavyopita kokoto njiani.

Asubuhi kasi ilikuwa ile ile niliyouziwa. Mbps 20, kwa asiyejua hesabu hizi, ni megabiti 20, yaani megabaiti 2.5, kwa sekunde, maana baiti moja ina biti nane. Video ya harusi yenye GB 1 ilishuka kwa chini ya dakika saba, na nilikuwa nafanya kazi za kuhariri video kwa hiyo najua ninachosema. Ila kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku, video ile ile ilichukua zaidi ya saa nzima. Nilipiga simu. Binti wa huduma kwa wateja, mwenye sauti ya adabu sana, aliniambia nizime kifaa, nihesabu mpaka thelathini, niwashe. Nilihesabu hadi thelathini usiku mwingi mno.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa kampuni. Malalamiko mengi ya wateja chanzo chake si waya. Mtu anaweka ruta nyuma ya televisheni, anaifunika kitambaa cha kufuma isipate vumbi, kisha analalamika kwamba chumba cha uani, ng'ambo ya kuta tatu za tofali, hakina mtandao. Nilishaenda nyumba kadhaa za jamaa nikaondoa kitambaa tu, nikashukuriwa kama fundi mkubwa. Yangu haikuwa hivyo. Nilichomeka kompyuta moja kwa moja kwa waya, na jioni ilibaki jioni.

Fundi mmoja alikuja kunieleza baadaye, tukiwa tumekaa kibarazani akisubiri mwenzake alete ngazi. Kwenye teknolojia inayotumika sana majumbani, iitwayo GPON, uzi mmoja unaotoka kwenye mtambo wa kampuni hubeba Mbps 2,488 kwenda kwa wateja. Njiani unapita kwenye kigawanyio kinachoupasua mwanga uingie nyumba 32, wakati mwingine 64. Nikapiga hesabu pale pale kwenye simu. Nyumba zote 64 zikivuta kwa wakati mmoja, kila moja inapata kama Mbps 39. Mimi nimenunua 20. Basi kwa nini jioni napata 2?

Akacheka. "Mzee, wembamba hauko kwenye uzi wako. Uko juu, kule kampuni inakonunua intaneti yenyewe." Na kule juu, ni wateja wangapi wanaochangia kiasi gani? Akasema hilo hata yeye haambiwi.

Ndugu Mkurugenzi, sisi tuna ndiva. Labda umewahi kuziona ukipita Same au umezisoma tu: mabwawa madogo ya udongo na mawe yaliyojengwa na wazee wetu kwenye miteremko. Mfereji unaleta maji kutoka kijito, yanajaa usiku, asubuhi ndiva inafunguliwa na maji yanashuka mashambani kwa zamu. Ndiva haina mita, haina kompyuta. Lakini muulize mkulima yeyote anayeitegemea: wako wangapi kwenye mfereji huu? Atakutajia. Zamu yako lini, na baada yako ni nani? Atakutajia. Kiangazi kijito kikipungua, kila mtu anaona kwa macho yake kwamba kimepungua, zamu zinapangwa upya, na mwenye kufungua maji usiku wa mwenzake anafahamika kwa jina na kwa ukoo. Watu hugombana, sikatai. Maji yamegombanisha ndugu wa tumbo moja. Wanagombana wakiwa wanakijua wanachogombania, na mwanzoni hakuna aliyeambiwa kwamba atapata "hadi" ndiva nzima.

Mimi Dar es Salaam nilikuwa kwenye mfereji nisiojua una watu wangapi, ndiva yake siioni, zamu haipo, na kila mwezi nalipa kama mtu aliyepewa maji yote. Wateja wakiongezeka bila kijito kuongezwa, kila mmoja anapunguziwa kimya kimya, na neno lile dogo kwenye mkataba linamlinda muuzaji. Hata Mbps 2 ni "hadi 20". Hata sifuri.

Watu wa huku wana historia na vipimo vya gizani. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka Same, yalikokuwa makao ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Profesa Isaria Kimambo aliuandikia mkasa huo kijitabu kizima. Wazee hawakukataa kulipa. Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa. Kilichowachoma ni kodi mpya iliyotaka mali ya kila mtu ikadiriwe, mifugo yake na mashamba yake, na makadirio yenyewe wakawa hawayaamini. Mkuu wa Wilaya alipopanda hapa Usangi, wanawake walimkabili, wakimtaka aumalize ugomvi ili waume zao warudi nyumbani kutoka Same. Mwishowe mkoloni aliiacha kodi ile. Siwafananishi wauza intaneti na mkoloni, itakuwa kuwaonea. Nasema tu kwamba Mpare kulipa analipa, ila anataka kuiona mizani.

Sasa nije kwenye taa nyekundu. Mwaka wangu wa tatu, greda iliyokuwa inachimba mtaro wa barabara mtaani kwetu ilikata waya. Taa iliyoandikwa LOS, inayowaka mwanga usipofika, ikageuka nyekundu na kukaa hivyo siku kumi na moja. Siilaumu kampuni kwa greda. Siku ya pili nilipewa namba ya tatizo. Siku ya nne ukaja ujumbe wa simu: "Mteja mpendwa, tatizo lako limetatuliwa." Niliusoma mara mbili nikiwa nimekaa mbele ya taa nyekundu. Nikapiga, nikapewa namba mpya, siku zikaanza kuhesabiwa upya kana kwamba nimelalamika leo. Siku ya saba alikuja kijana kuangalia, akasema hii ni kazi ya timu nyingine, akaniomba nauli. Siku ya kumi na moja taa ikawa kijani. Mwisho wa mwezi bili ikaja ya siku thelathini.

Nilipouliza zile kumi na moja zinahesabiwaje, nikajibiwa kifurushi ni cha mwezi, hakina siku.

Kinachokera zaidi ya kukatika ni ule ujumbe. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchi nzima na nchi jirani. Waziri wa wakati ule, Nape Nnauye, alijitokeza akaeleza kwamba tatizo liko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kazi zangu zililala, lakini sikumchukia mtu. Nilijua kimekatika nini na kimekatikia wapi. Ukiambiwa ukweli unapanga siku yako: unakwenda kwa jirani, unanunua bando la simu, unamweleza mteja asubiri. Ukiambiwa limetatuliwa wakati halijatatuliwa, unakaa nyumbani kumngoja fundi ambaye hakuna aliyemtuma.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta tunayo tangu 2010, kanuni za ubora wa huduma na za kumlinda mtumiaji zipo, na Baraza la Ushauri la Watumiaji lipo kwa sheria iliyoiunda Mamlaka yenyewe, ya 2003. Utaratibu unamtaka mteja aanze kwa mtoa huduma, akikwama ndipo aje kwenu. Ni utaratibu wa haki. Lakini mlango wa kwanza ukiwa na uwezo wa kulifunga lalamiko kwa ujumbe wa simu, halifiki mlango wa pili, yaani kwenu, kamwe; kwenye vitabu linaonekana limeisha. Ombi langu la kwanza ni hilo basi: lalamiko la kukatika lisifungwe mpaka mteja mwenyewe amekubali, au kifaa chake kimeonekana mtandaoni. Kampuni haitaumia kwa hilo. Mtambo wao unaona kila kifaa cha mteja kama kinapata mwanga au hakipati. Na kama unaona, basi siku za taa nyekundu zinahesabika zenyewe na kukatwa kwenye bili bila mteja kuomba.

Ombi la pili ndilo kubwa. Mkataba uandike namba mbili. Ile ya juu waiache, biashara ni matangazo. Chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, iandikwe kasi ambayo mteja hatashuka chini yake saa mbili usiku. Nasema saa mbili usiku kwa makusudi, kwa sababu kupima saa nne asubuhi ni kama kuja kuangalia ndiva alfajiri kabla haijafunguliwa, ukaandika kwamba Usangi ina maji tele. Mnatoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka; huwa nazisoma, ingawa najua siko kwenye kundi kubwa. Ongezeni humo safu ya kasi ya jioni kwa kila mtoa huduma wa faiba, na siku alizotumia kurudisha huduma, wilaya kwa wilaya. Wastani wa mkoa utaimeza Mwanga yote.

Huku kuna jambo ambalo Dar es Salaam halikunisumbua. Masika udongo unaporomoka, miti inaangukia nyaya, na fundi anayetoka Moshi kwa uzi mmoja uliokatika Lomwe atasubiri mpaka zikatike tatu ili safari imlipe. Namwelewa. Anayeomba kuuza huduma huku angetakiwa awe na mtu wa huku aliyefunzwa kuunga nyuzi, na mashine ya kuungia ikae karibu, si mjini. Vijana waliomaliza vyuo vya ufundi tunao, wengine hushinda kwenye benchi langu. Mfereji wa maji ukibomoka hapa tunaitana msaragambo, kila kaya inatoa mtu na jembe. Mtaro wa faiba tutauchimba vivyo hivyo tukiambiwa unapita wapi, lakini kioo hakiungwi kwa jembe.

Najua wauzaji watasema kuandika kasi ya chini kutapandisha bei. Huenda. Basi waandike ndogo, waandike Mbps 5, na sisi tuamue kama tunainunua kwa bei hiyo.

Siku mkataba wa kwanza wa faiba utakapofika Usangi, kuna uwezekano mkubwa utaletwa dukani kwangu kutolewa nakala. Nitautandaza juu ya kioo cha mashine, na kabla sijabonyeza nitausoma wote, taratibu, nikilitafuta neno moja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye steshenari,
Usangi, Wilaya ya Mwanga