Juu ya Wapigao Mwizi na Kukataa Ushahidi

Yako maneno yasemwayo Bukoba na Muleba, vilabuni penye lubisi na, twaona haya kukiri, hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada: ati mwizi akikamatwa amalizwe papo hapo, kwani akipelekwa mahakamani kesho atarudi. Wayasemao wadhani waleta amani katika nchi. Sisi twasema waziwazi kwamba wapanda mbegu ya vita.

Wazee wetu hawana haja ya kufundishwa vita. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaishika nchi ya kaskazini ya mto Kagera. Walakini yule alikuwa adui wa nje. Alipofukuzwa, alikwenda zake. Vita vya jirani na jirani ni vingine, kwa maana vikiisha, mwuaji na mjane huchota maji katika kisima kimoja. Ndivyo ilivyokuwa Rwanda mwaka 1994. Maiti zilichukuliwa na mto Kagera, zikapita Kyaka mpaka ziwani. Na mwisho wa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakaingia Ngara katika mkoa wetu.

Katika umati ule alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo. Watu kwa maelfu walikuwa wamekimbilia kanisa la Nyarubuye, nao waliuawa humo, naye alikuwa kiongozi wa wauaji. Kisha akakaa kambini Benaco kama mkimbizi mwingine ye yote. Fikirini, wasomaji: kama watu wangalimkamata pale wakampiga mawe, nani angaliwalaumu? Lakini tungalijua nini? Maiti haiulizwi swali. Alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001, akapelekwa Arusha. Waliosalimika walisema waliyoyaona mbele yake, na mawakili wake wakawahoji. Tarehe 17 Juni 2004 alihukumiwa miaka 30. Katika rufani ya 2006 ikawa kifungo cha maisha. Ni mwendo wa kinyonga, hatukatai. Lakini leo atakayekana habari za Nyarubuye ataonyeshwa hukumu iliyoandikwa.

Arusha ilikuwa kwa wakubwa. Kwa wanyonge, waliojaa magerezani zaidi ya 100,000, Wanyarwanda walirudia baraza la wazee wao, gacaca. Jina hilo latokana na majani yanayokaliwa, na sisi tuliozoea kutandika majani sakafuni tusishangae kwamba haki yaweza kukaa juu yake. Mahakama zipatazo 12,000, na waamuzi waliochaguliwa na majirani zao, zilikata mashauri karibu milioni mbili mpaka zilipofungwa Juni 2012. Aliyeungama alipunguziwa adhabu. Wengi walionyesha mahali walipozika watu, na wenye wafu wakapata kuwazika kwa heshima.

Hatuisifu gacaca kama kwamba haikuwa na dosari. Mshitakiwa hakuwa na wakili. Wengine walisingiziwa kwa ajili ya shamba. Askari wa upande ulioshinda hawakuhukumiwa humo, na mashahidi wengine waliuawa kwa sababu ya kusema. Lakini angalieni: waliendelea kusema. Pasipo mashahidi, waamuzi wangalikaa juu ya majani bure.

Tutajibiwa kwamba mahakama zetu zala rushwa. Labda. Tena tutakumbushwa Nabothi, aliyeuawa kwa hukumu, si kwa ghasia. Na tuisome vema habari yake. Watu wawili walisimama wakamsingizia, na wala hapana aliyewahoji; kisha mkutano mzima ukaokota mawe. Mji ule ulikuwa na wazee na waungwana. Wote walimjua Nabothi, na hapana hata mmoja aliyefungua kinywa.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Usiku, yowe likipigwa, watatoka watu mia na marungu, na kila mmoja amemwona mwizi, amemjua, amejua na mama yake. Asubuhi polisi akiuliza, wote walikuwa wamelala. Siku ya kesi aliyeibiwa asimama peke yake mbele ya hakimu, na wale mia wamo migombani wakipogoa majani. Hakimu afanyeje? Amwachilia mshitakiwa, kwa kuwa hana ushahidi, na jioni hao hao wasema, "Je, hatukuwaambia? Mahakama si kitu!"

Ikiwa mjane wa Rwanda aliweza kusimama katika baraza, mbele ya ndugu za mwuaji wake, akijua usiku atalala nyumba ya jirani nao, sisi twaogopa nini kwa ajili ya mbuzi na mikungu ya ndizi?

Anayeona tumekosea na atuandikie. Lakini kwanza atueleze ni mwaka gani alipokwenda mahakamani, akataja jina lake, akasema alichokiona.