Soko la Nje Halitamkomboa Mfugaji

Hotuba ya bajeti ya mifugo ikisomwa Dodoma, au semina ya wafugaji ikifunguliwa katika ukumbi wa hoteli, kuna wimbo haukosekani. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, ni miongoni mwa nchi za juu kabisa Afrika kwa wingi wa mifugo, ila hatunufaiki kwa sababu hatujalikamata soko la nje. Hapo hutajwa Saudi Arabia, Qatar na China, na ukumbi hupiga makofi. Imani hiyo imeshuka hadi mnadani. Mfugaji aliyepunjwa bei ya dume lake atakwambia dawa ni wanunuzi wa nje, na mwanasiasa aliyesimama pembeni yake ataitikia kwa kichwa.

Naipinga imani hiyo kutoka juu mpaka chini. Soko la dunia la maziwa na nyama si bahari tuliyonyimwa mtumbwi wa kuivuka. Ni soko dogo kuliko linavyosifiwa, wenyewe wamo tangu zamani, na hufungwa asubuhi moja bila mtu kukuomba radhi.

Tuanze na maziwa. Dunia hukamua zaidi ya tani milioni 900 kwa mwaka. Ukichukua yote yanayovuka mipaka ya nchi, yakiwa unga, siagi au jibini, ukayarudisha kwenye hesabu ya maziwa mabichi, hayafiki hata sehemu moja ya kumi. Yaliyobaki hunywewa, hugandishwa na kutiwa kwenye chai huko huko yalikokamuliwa. Anayeongoza kwa kukamua ni India, yenye karibu robo ya maziwa yote ya dunia. Lakini orodha ya wauzaji wakubwa wa maziwa duniani ikisomwa, India haimo. Maziwa yake huyanywa yenyewe.

Na haikuanza ikiwa tajiri wa maziwa. Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira, katika jimbo la leo la Gujarat, walichoka na kampuni moja binafsi iliyokuwa imepewa ukiritimba wa kukusanya maziwa yao na kuyapeleka Bombay. Wakagoma kuiuzia. Chini ya Tribhuvandas Patel wakaunda ushirika wao katika mji wa Anand, na miaka mitatu baadaye akaja mhandisi kijana, Verghese Kurien, ambaye hakuwa hata na hamu ya kukaa mji ule. Alikaa maisha yake yote. Mwaka 1970 India ilipoanza mpango mkubwa wa maziwa wa nchi nzima, Ulaya ilikuwa na maghala yaliyofurika unga wa maziwa na siagi, ikataka kuvigawa bure. Msaada wa namna hiyo umewaua wafugaji wengi duniani: maziwa ya bure yakiingia sokoni, nani atanunua ya jirani? Wahindi waliupokea, wakauza maziwa yaliyotokana na unga ule mijini kwa bei isiyomuumiza mfugaji, kisha fedha wakaziweka kwenye vyama vya vijijini, vituo vya kupozea na magari ya kukusanyia. Kufika mwaka 1998 India ilikuwa imeipita Marekani kwa wingi wa maziwa. Hao ni wafugaji wa ng'ombe au nyati wawili watatu nyuma ya nyumba, wala si mashamba yenye ng'ombe elfu tano.

Siri ya Anand haiko kwenye bandari. Mama anafika kituoni na ndoo yake asubuhi, maziwa yanapimwa mafuta mbele ya macho yake, analipwa kwa ubora aliouleta. Jioni anarudi tena na ndoo nyingine. Hiyo safari ya jioni tutairejea.

Sasa mfano anaoupenda mhubiri wa soko la nje: Nyuzilandi. Kweli, nchi hiyo huuza nje takriban asilimia 95 ya maziwa yake, na bei ya unga wa maziwa duniani hufuata minada yake. Tatizo la mfano huu ni watu. Nyuzilandi ina wakazi milioni tano na kidogo na hukamua lita zinazokaribia bilioni 21 kwa mwaka. Hata kila mmoja wao, na kichanga akiwemo, anywe lita mbili kila siku ya Mungu, wasingemaliza robo. Hawana namna ila kuuza. Tanzania ilipohesabu watu mwaka 2022 walikuwa milioni 61 na laki saba, na kwa takwimu za wizara kila mmoja hunywa lita zisizofika 70 kwa mwaka, wakati kiwango kinachopendekezwa ni 200. Nchi yenye watoto wanaokunywa chai ya rangi inataka kuiga nchi iliyokosa wa kunywa maziwa yake!

Tena mnunuzi wa nje tunayemwota hataki kuendelea kuwa mnunuzi. Mwaka 2008 China ilipata fedheha ya melamini: watoto wachanga sita walikufa na wengine takriban 300,000 waliathirika kwa maziwa ya unga yaliyochakachuliwa. Wazazi wakakimbilia unga wa nje na Nyuzilandi ikaneemeka. Serikali ya China haikukaa kutazama. Ilijenga mashamba makubwa, ikaleta ng'ombe wa kisasa kwa meli, na kufika 2023 ilikuwa ikizalisha tani milioni 40 na zaidi kwa mwaka. Uagizaji wa unga wa maziwa ukaporomoka, na wafugaji wa Nyuzilandi wakasoma taarifa ya bei kwa uchungu. Qatar nayo, ilipowekewa vikwazo na majirani zake Juni 2017, ilikuwa ikitegemea maziwa ya Saudi Arabia. Ikapakia ng'ombe kwenye ndege. Ndiyo, kwenye ndege! Baada ya mwaka mmoja hivi ilikuwa ikijitosheleza kwa maziwa katikati ya jangwa. Urusi ilipofunga mlango kwa maziwa na nyama za Ulaya Agosti 2014, Ulaya ilijikuta ikinunua na kuhifadhi karibu tani 400,000 za unga ambazo hazikuwa na mteja. Kama Ulaya, yenye ruzuku na maghala, iliumia hivyo, mfugaji wa Simiyu atashika wapi?

Kwenye nyama hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huko mwenye funguo ni daktari wa mifugo wa nchi nyingine. Brazil ndiyo bingwa wa dunia wa kuuza nyama ya ng'ombe nje. Septemba 2021 iligundua visa viwili tu vya kichaa cha ng'ombe vya aina isiyoambukiza, ikasimamisha mauzo ya China kama mkataba ulivyotaka, na China ikachukua zaidi ya miezi mitatu kufungua tena. Januari 2025 ugonjwa wa miguu na midomo ulikutwa kwenye kikundi kidogo cha nyati wa kufugwa karibu na Berlin, ukiwa wa kwanza Ujerumani tangu 1988. Ndani ya siku chache Uingereza na Korea Kusini zilikuwa zimefunga milango kwa mazao ya mifugo ya Ujerumani.

Wasomali hawahitaji kuambiwa haya. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia wanaopakiwa Berbera kwenda Jeddah ndiyo uchumi wenyewe wa ukanda ule, hasa kuelekea Hija. Mwaka 2000 homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Saudi Arabia na Yemen, Saudia ilipiga marufuku mifugo ya Pembe ya Afrika. Marufuku ya mifugo ya Kisomali ilikaa hadi 2009. Miaka tisa! Mifugo iliendelea kupenya kwa njia za kando na kwa wafanyabiashara wachache waliojua mlango wa nyuma, na bei aliyopata mfugaji wa nyikani ilikuwa ile waliyoitaka wao.

Mtu atanitajia Botswana. Hiyo imeuza nyama Ulaya kwa miongo mingi, kwa bei nzuri na kwa mkataba wa upendeleo. Swali ni gharama. Ili kuwatenga ng'ombe na nyati wa porini wanaobeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo, Botswana ilizungushia nchi nyaya kuanzia miaka ya 1950. Ukame ulipokuja miaka ya 1980, nyumbu waliokuwa wakifuata maji waligonga uzio na kufa kwa makumi ya maelfu. Na pamoja na nyaya zote hizo, mgawo waliokuwa wakipewa na Ulaya wa karibu tani 19,000 kwa mwaka uliwashinda mara nyingi kuujaza. Ugonjwa huo kwetu ni wa kudumu, na nyati wetu wamo Serengeti, Katavi na Nyerere. Anayetaka tuuze steki Brussels atuambie kwanza nani atazungushia Serengeti uzio, na watalii tutawaeleza nini.

Najua jibu litakalokuja: mbona mbuzi wetu wanakwenda? Wanakwenda, na sina ugomvi nao. Nyama ya mbuzi na kondoo inapanda ndege kwenda Qatar, Oman, Kuwait na Falme za Kiarabu, wenye machinjio wanapata, nchi inapata dola. Waendelee. Ila tuweke shehena hiyo kwenye mizani. Mwaka 2022/23, uliosifiwa sana, Tanzania iliuza nje tani 14,700 za nyama. Kila Mtanzania akiongeza kilo moja ya nyama kwa mwaka, kilo moja tu, hizo ni tani zaidi ya 60,000: mara nne ya shehena yote iliyotoka. Akiongeza lita kumi za maziwa, ni lita milioni 600 na ushei. Hakuna balozi wa biashara anayeweza kurudi kutoka Riyadh na oda ya ukubwa huo.

Nenda mnada wa Pugu ulione soko lenyewe. Malori yanashusha ng'ombe kutoka Shinyanga, Singida na Dodoma, wengine wamesafiri siku nzima wamesimama, mmoja kaanguka njiani akakanyagwa na wenzake. Huyo atauzwa kwa bei ya hasara. Madalali wanapapasa nundu na mbavu, wanakadiria kilo kwa jicho, kwa kuwa jicho la dalali lina faida kuliko mzani. Mwenye ng'ombe hajui atapewa ngapi. Jioni nyama iko Vingunguti, na kesho yake iko buchani Manzese, ambako mama anaomba robo, anaongezewa kipande cha mfupa, na harudi tena mpaka Jumapili. Kati ya mfugaji na yule mama mna ushuru wa mnada, rushwa za njiani, kilo zilizoyeyuka kwa kiu na mapipa ya nyama iliyotupwa kwa kukosa ubaridi. Humo ndimo bei ya mfugaji ilimozama. Mizani kila mnadani na malori yenye maji yangempa pesa zaidi kuliko maonyesho ya biashara Dubai.

Kwenye maziwa ndiyo usiseme. Vijiji vingi gari au pikipiki ya kukusanya hupita asubuhi tu. Maziwa ya jioni hayana mwenyewe: yatalala kwenye kibuyu au dumu, kesho yamechacha, watoto watakunywa mtindi kadiri ya uwezo wao na mengine yatakwenda kwa mbwa. Mfugaji mwenye akili akiona hivyo huacha kukamua jioni, anamwachia ndama. Baadaye anakuja mtaalamu na kitabu chake, anaandika kwamba ng'ombe wa asili hatoi maziwa. Tangi la kupozea likiwepo kijijini, ng'ombe yule yule, malisho yale yale, maziwa yanaongezeka bila mtamba mmoja kuletwa kwa meli.

Hata mlango wa jirani si wa kulalia. Uganda imefanya kazi nzuri, maziwa ya Mbarara na Ankole yameongezeka kweli, na mnunuzi wake mkubwa ni Kenya, mwenzake katika soko la pamoja la Afrika Mashariki. Januari 2020 Kenya ilikamata shehena ya maziwa hayo. Machi 2023 ikasitisha vibali vya kuingiza maziwa ya unga. Wale ni ndugu wenye mkataba na bendera moja ya jumuiya. Jumuiya hiyo hiyo, kwa busara, inatoza ushuru wa asilimia 60 kwa maziwa yanayotoka nje ya kanda. Afrika Magharibi inatoza asilimia 5 kwa unga wa maziwa, na maduka ya Dakar yamejaa unga wa Ulaya uliotolewa siagi na kutiwa mafuta ya mawese. Wanaoimba soko huria la dunia wakumbuke kwamba mlango huo unafunguka pande zote mbili.

Kenya yenyewe ina somo moja la kuiga. Miaka ya mwanzo ya 2000 wasindikaji walifanya kampeni kali ya kuwatangaza wachuuzi wa maziwa kuwa wauza sumu, na askari wakawa wanamwaga madumu barabarani. Watafiti walipochunguza waliona Wakenya karibu wote huchemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na kwamba wachuuzi ndio waliokuwa wakiwafikishia maskini maziwa mengi kuliko viwanda vyote. Kufika 2004 serikali ikaanza kubadili msimamo: mchuuzi afundishwe, apimwe, apewe leseni. Hapa kwetu viwanda vinasindika sehemu ndogo mno ya maziwa yote, lakini mchuuzi mwenye baiskeli na madumu mawili bado anaonekana mhalifu anayesubiri kukamatwa. Huyo ndiye mtandao wetu wa usambazaji. Apewe kopo la alumini linalosuguka mpaka ndani badala ya dumu la mafuta ya kula, apewe laktomita na mafunzo ya wiki moja, akatiwe kibali cha mwaka mzima kwa bei anayoiweza, ndipo afisa afya amfuate na daftari.