Jimbo Linapokataa Kutoa Askari Wake

Mzee mmoja wa bloku yetu alinikatiza maneno juzi kwenye foleni ya maji. Nilikuwa naeleza kwamba huko Marekani kuna majimbo yanayowakataza polisi wao kuwafanyia kazi maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu. Akasema, "Kijana, huo ni uasi. Sisi tulianza hivyohivyo." Alikuwa mtoto Katanga ilipojitenga mwaka 1960. Kwake yeye, jimbo likiiambia serikali kuu hapana, kinachofuata ni bunduki, na baada ya bunduki ni turubai kama hili letu.

Papa, mvi zako naziheshimu, ila hapo umechanganya mambo mawili. Katanga ilijitangaza nchi, ikawa na jeshi lake na pesa zake. Jimbo ninalolisema mimi halijitengi. Linasema tu: sheria ni yenu, itekelezeni kwa askari wenu na kwa pesa zenu, wangu siwatoi.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1837 Edward Prigg na wenzake walimchukua mwanamke aitwaye Margaret Morgan pamoja na watoto wake kutoka Pennsylvania, wakawavusha mpaka Maryland, kwenye utumwa. Pennsylvania ikamshtaki Prigg. Mwaka 1842 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa Prigg ushindi: kukamata watumwa waliotoroka ni haki inayolindwa na sheria za nchi nzima, jimbo lisizuie. Lakini Jaji Joseph Story, aliyeandika hukumu hiyo, aliacha tundu. Alisema jimbo halilazimiki kutoa watumishi wake kwa kazi hiyo. Mwaka uliofuata Massachusetts ikapita kwenye tundu hilo: mahakimu wetu wasiguse kesi hizo, jela zetu zisiwafungie watu hao. Mkamataji akabaki na sheria mkononi, hana pa kumlaza aliyemkamata.

Wakubwa wa Kusini walikasirika. Haohao waliopenda kuimba haki za majimbo wakakimbilia serikali kuu iwape mkono wa chuma, wakapata sheria ya 1850. Chini ya sheria hiyo, kamishna akimrudisha mtu utumwani alilipwa dola 10. Akimwachia huru, dola 5. Hebu ipige hiyo hesabu, wewe uliyewahi kukaa mbele ya mtu mwenye kalamu na faili lako.

Utumwa ulikwisha, ile kanuni ikabaki. Mwaka 1997 mashefu wawili wa polisi, wa Montana na wa Arizona, walishinda kesi: serikali kuu haiwezi kuwaamrisha watumishi wa jimbo waitekelezee sheria zake. Jamani, ilikuwa kesi ya kukagua wanunuzi wa bunduki! Wakimbizi hawakuwa hata kwenye mawazo ya watu wale. Leo ndiyo nguzo inayowakinga wahamiaji.

Na kinga hiyo haiko kila mahali. Mwaka 2017 Illinois ilipitisha sheria kwamba polisi wake wasimshikilie mtu kwa ombi tu la maafisa wa uhamiaji bila hati ya jaji. Mwaka huohuo Texas ilipitisha kinyume: mkuu wa polisi asiyeshirikiana anaadhibiwa, hata kuondolewa kazini. Ndugu wawili waliotoka kambi moja, mmoja akatua Chicago, mwingine Houston, wana katiba moja juu yao lakini si usalama mmoja. Hata mwenye karatasi kamili hujiuliza mara mbili kumpigia polisi akiibiwa, kama nyumbani kwake yumo asiye nazo.

Sasa msinifanye mshabiki wa magavana. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas aliwatuma askari wa jimbo wawazuie watoto 9 weusi wasiingie shuleni Little Rock, na ni serikali kuu iliyoleta jeshi kuwaingiza. Naye alisema anatetea jimbo lake. Tofauti iko kwenye mkono: Massachusetts iliuzuia mkono wake usimkamate mtu, Arkansas iliunyoosha wake kumnyima mtoto haki ya katiba. La kwanza nalitetea, la pili nalilaani, hata wakiliita kwa jina moja. Ndiyo maana sikufurahia amri ya 2019 iliyotaka wakimbizi wasipelekwe mahali bila idhini ya jimbo na ya serikali ya mtaa. Gavana wa Texas alikataa Januari 2020; gavana wa Utah alikuwa ameshaomba aletewe zaidi. Mwezi huohuo jaji wa Maryland akaisimamisha amri yenyewe.

Kwetu Kongo, Katiba ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa, na yakatwe hukohuko yanakokusanywa. Magavana bado wanaisubiri Kinshasa iwagawie. Anayekula kwenye kiganja cha mtu atamkatalia nini? Kwa hiyo, Papa, uasi siuoni hapo. Naona woga.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, neno moja. Mdogo wangu alipita darasa la maandalizi ya safari. Alifundishwa theluji, basi, jiko la umeme. Polisi wa mji na afisa wa uhamiaji, nani ni nani, nani ana amri gani mlangoni, hakuna aliyemwambia. Milango ilifungwa Januari 2025, darasa ni tupu. Ila waliokwisha kwenda wanapiga simu huku kila usiku wakituuliza sisi, tulio kambini.