Mlolongo Ungali Kazini

Wanamageuzi hawajausahau mlolongo wa mwaka 1988. Mpiga kura alipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, huku chifu, jirani na mwajiri wake wakimtazama. Kwa maandishi alikuwa huru. Lakini ni nani aliyethubutu kusimama katika foleni fupi ilhali riziki yake imo mikononi mwa wale wale wanaomtazama? Viongozi wa makanisa waliukemea utaratibu huo tangu 1986, na katika uchaguzi wa 1992 kura ilikuwa ya siri tena. Mahali pa kazi, hata hivyo, mlolongo ungalipo. Mwanamke anayenyanyaswa kingono na mkubwa wake anaambiwa ana haki ya kulalamika, kisha anatakiwa kulalamika hadharani, mbele ya aliyemdhulumu.

Tazameni mashamba ya chai ya Kericho. Mwezi Februari 2023, BBC ilitoa filamu kuhusu mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza. Zaidi ya wanawake 70 walisema kwamba walinyanyaswa na wasimamizi wao. Mchunaji chai hulipwa kwa kilo. Basi mnyapara anayeamua nani apewe kazi, na apangiwe sehemu ipi ya shamba, ameshika pia chakula cha watoto wa mchunaji huyo. Hana haja ya kutisha kwa maneno. Akikataliwa leo, kesho kazi "imekwisha". Na mama huyo akitaka kulalamika, aghalabu ngazi ya kwanza ni mnyapara yule yule.

Kisasi hakiji na jina lake. Ni nadra mwajiri kuandika kwamba anamfukuza mtu kwa sababu amelalamika. Huja barua ya onyo la kuchelewa, kwa mtu ambaye hajawahi kuonywa, huja uhamisho wa ghafla, mkataba hauongezwi, wenzake huacha kuketi naye saa ya chai. Wanaoyaona hayo hujifunza kunyamaza, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Hata Bunge letu liliwahi kukiandika kisasi hicho katika sheria. Mswada wa Makosa ya Kingono, ulioletwa na Bi. Njoki Ndung'u, ulipopitishwa mwaka 2006 ulibeba kifungu cha 38: atakayeshtaki kwa uongo atapewa adhabu sawa na ya kosa alilolidai. Kwa maneno, kifungu kilimlinda asiye na hatia. Kwa vitendo, kilimwonya mdhulumiwa kwamba ushahidi ukipungua huenda akafungwa yeye. Kilifutwa mwaka 2012. Fikira iliyokizaa haijafutwa.

Sheria ya Ajira ya 2007 ni afadhali. Kifungu cha 6 chamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera, aeleze malalamiko yapelekwe wapi, na asilitangaze jina la mlalamikaji ila uchunguzi unapolazimu. Kifungu cha 46 chasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kufukuzwa, isipokuwa malalamiko yakionekana kuwa ya ovyo na yasiyo na msingi. Mwajiri mjanja hupenya hapo. Na yaya, karani wa duka, mhudumu wa mkahawa wa watu watano, hawafikiwi na sharti la sera hata kidogo.

Sasa tugeukie nyumba zetu, maana ofisi nyingi za makanisa na za watetezi wa haki hazifikishi watu 20. Karani wa kanisa akimlalamikia mchungaji, malalamiko yanakwenda kwa nani? Kwa baraza ambalo mwenyekiti wake ni mchungaji huyo. Na kijana wa harakati akimtaja kiongozi wa kampeni, huambiwa asiwape maadui silaha. Neno hilo si geni masikioni mwetu. Enzi ya chama kimoja tuliambiwa kwamba kukosoa ni kuvunja umoja wa taifa.

Kila kanisa na kila ofisi ya harakati, hata yenye watu watatu, na iteue watu wawili wa nje, mmoja wao mwanamke, wa kupokea malalamiko. Siku yanapopokelewa, asihamishwe mlalamikaji. Asogezwe mtuhumiwa, kwa mshahara wake kamili, maana naye hajahukumiwa. Kwa mwaka mzima baadaye, onyo lolote kwa mlalamikaji liidhinishwe kwanza na watu hao wawili.

Aliyekwisha kufukuzwa ana miaka mitatu ya kufika katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Humo ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha sababu ya kumfukuza, na fidia yaweza kufikia mshahara wa miezi 12. Aanze leo kukusanya barua zake, tarehe, na majina ya walioona.